Mwanamke Mwenye Panga Kwenye Dhahabu Yangu

Kwanza niseme kwamba dhahabu naijua. Asije mtu akasema mimi ni bibi aliyeona kitu kinang'aa akapagawa. Nilipagawa, ndiyo, lakini nilipagawa nikiwa na ujuzi. Nimeishi machimboni huko Geita tangu mwanangu wa kwanza akiwa mgongoni mpaka meno yangu ya mbele yalipoanza kuniaga. Nimewapikia wachimbaji, nimeponda mawe kwa nyundo kabla mashine hazijaja, nimeosha mchanga ambao wanaume walikwisha kuutupa, nikiinama kwenye maji ya tope mpaka kiuno kikasahau kunyooka. Dhahabu niliyoijua mimi ni vumbi. Ukibahatika, ukaichoma, inakuwa kitonge kama punje ya dengu, njano iliyopauka, wala haina haraka ya kung'aa. Dhahabu yenye sura ya mtu sikuwahi kuiona.

Kwa hiyo siku nilipoitwa mbele kwenye ukumbi mmoja hapa Shinyanga mjini, nikawekewa kiganjani sarafu ya dhahabu nene kama biskuti, hotuba yote niliyofundishwa ilinitoka kichwani. Badala ya kushukuru, niliing'ata. Mbele ya wageni rasmi, mbele ya mchungaji wangu, niliing'ata kwa jino la pembeni kama mnunuzi wa machimboni anayehofia kuuziwa shaba. Wapiga picha walikuwa wamesinzia mpaka hapo. Walipiga hiyo, na nasikia hakuna nyingine iliyotoka vizuri.

Sarafu yenyewe ilitoka kwa wazungu fulani. Hutengeneza sarafu za dhahabu za kumbukumbu ya haki za binadamu. Nyingi huziuza kwa watu wenye tabia ya kukusanya vitu vya namna hiyo, na chache huwapa watu ambao, kwa maneno ya mjukuu wangu wa kike, wameitetea haki bila kujua kwamba wanaitetea. Huyu mjukuu ndiye aliyesoma kwa niaba ya ukoo mzima. Yuko Mwanza, anafanya kazi na wanasheria wanaosaidia akina mama. Ni yeye aliyeandika habari zangu na kuzipeleka huko bila kuniuliza. Lakini hapo kwenye "bila kujua" nilimwambia aangalie mdomo wake.

Nilichokuwa nimefanya ni kumpokea wifi yangu, basi.

Ni dada wa marehemu mume wangu. Alikuwa akiishi peke yake kijijini, upande wa Geita, mjane asiye na mtoto. Macho yake ni mekundu kama nyanya iliyoiva. Tulikwenda naye hospitali ya Kolandoto, tukaambiwa ni moshi: tangu akiwa msichana anapikia mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba kwenye kijumba kisicho na dirisha. Lakini kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu hahitaji kosa jingine ili aitwe mchawi. Ng'ombe wa jirani walipokufa, asubuhi moja wifi akakuta panga limechomekwa kwenye mlango wake. Hakungoja maelezo. Alipanda basi na kuku mmoja kwapani, akashuka kwangu, mtaa wa Ngokolo hapa Shinyanga, akasema, "Wifi, nimekuja kukusalimia." Mpaka leo hajamaliza kunisalimia.

Mjukuu aliandika kwamba nilimpokea kwa ujasiri mkubwa. Mimi nilikuwa nimechoka kugombana na redio. Tangu mume wangu afariki sikuwa na mtu wa kumjibu, na wifi yangu ana majibu ya kutosha nyumba tatu. Majirani mwanzoni walimtazama macho yale, wakahamisha ndoo zao pale kioski cha maji. Mimi nikawatukana kila mmoja kwa zamu yake. Taratibu wakamzoea. Kikundi chetu cha kufa na kuzikana kikamkubali, na kwenye misiba akawa anakaa pamoja na wenzake, anapepeta mchele, anacheka. Huo ndio utetezi wangu wa haki za binadamu, matusi ya kioskini.

Siku ya kupewa sarafu tulirudi nyumbani kwa bajaji, wifi na mimi, kisanduku kikiwa mapajani kwangu. Ndani kilikuwa na kitambaa chekundu laini kama sikio la mbuzi.

"Wifi, hebu nione," akasema. Akaisogeza karibu na pua maana haoni vizuri. "Mbona huyu mwanamke amefungwa kitambaa machoni?"

"Ndiyo haki hiyo," nikamwambia. Nilikuwa nimeelezwa pale ukumbini. "Haki haimtazami mtu usoni."

"Na hii mizani?"

"Ya kupimia."

"Ananunua dhahabu?"

"Anapima maneno ya watu, wifi. Nani mkweli, nani mwongo."

"Haya. Na panga?"

Panga sikuelezwa. Baadaye mjukuu alisema ni upanga wa zamani wa kizungu, ndivyo wanavyomchora huyo mama dunia nzima, lakini kwenye ile sarafu ndogo lilikuwa panga, na panga ni panga.

"Mimi nimekimbia panga kule," wifi akasema, "wewe umeniletea jingine humu ndani. Tena la dhahabu."

Dereva wa bajaji alicheka mpaka nusura atuingize mtaroni.

Kwa siku mbili tatu nilijaribu kuwa mnyenyekevu. Haikunikaa. Mwanamke niliyeishia darasa la nne, ambaye sijawahi kuitwa mbele popote isipokuwa kuchapwa, leo nina dhahabu yenye maandishi ya kizungu, halafu nikae nayo kabatini? Nilikwenda nayo kanisani nikiwa nimeifunga kwenye leso, nikafungua leso wakati wa matangazo. Nilikwenda nayo mashineni kusaga. Nilikwenda nayo sokoni kununua dagaa, na muuza dagaa alipochelewa kuuliza nina nini mkononi, nilijiuliza mwenyewe kwa sauti. Kila aliyepita mlangoni nilimwambia, "Shika, usiogope. Sikia uzito." Watu wa huku uzito wa dhahabu wanaujua. Waliipima kwa kiganja, wakainua nyusi, wakanipa heshima yangu.

Na watoto. Watoto ndio niliowafanyia upuuzi nisiousahau. Nilikuwa nawapanga uani kama darasa, nawaambia wafumbe macho kama yule mama wa kwenye sarafu, halafu naiweka juu ya kope la kila mmoja, huku na huku, wasikie ubaridi wa dhahabu. Walifurahi. Walirudi na wenzao. Wifi alikuwa akichambua mboga mlangoni ananitazama.

"Wifi," aliniambia, "ungekuwa na mkia ungeutikisa."

Wiki ile ile macho mekundu yakaingia mtaani. Yaani ule ugonjwa unaopita, mtoto anaamka kope zimegandana, macho yanawaka kama makaa. Nyumba hadi nyumba. Nilikwenda zahanati na jirani aliyekuwa na watoto wawili, muuguzi akatuambia unaambukiza kwa mikono, tunawe kwa sabuni, tusichangie taulo. Kisha akauliza kama kuna kitu watoto wa mtaa huu wamekuwa wakikishika kwa kupokezana. Nikasema sijui. Sarafu ilikuwa ndani ya sidiria yangu wakati huo, imenibana kama deni.

Nikaanza kuona watu wanajibu salamu yangu kwa mkato. Kioskini ndoo zikahama tena. Wifi akifika, wenye haraka wanaongezeka ghafla. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe kwa mkono mpaka mtoto akadondosha kandambili, wala hakurudi kuiokota. Wifi aliiokota, akaiweka juu ya jiwe pale pale. Ilikaa juu ya jiwe mpaka jioni.

Kisha akaja mwenyekiti wa kikundi chetu. Ni mwanamke mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi ya mwili. Hutembeza vitenge kule machimboni, kwa hiyo mambo ya dhahabu na ya waganga anayajua kote kuwili.

"Mwadila, mayu," akanisalimia Kisukuma, akiniita mama, kwa upole ambao si wake. Nikajua kuna jambo.

"Mwadila. Karibu kiti."

"Nimetumwa."

"Na nani?"

"Na watu."

"Watu wana majina."

"Usinitafutie ugomvi, nimekuja kistaarabu." Akakaa, kiti kikalia. "Mayu, wote hapa dhahabu tunaijua. Kuna vumbi, kuna kitonge, kuna hereni. Hiyo yako ina mtu ndani. Mtu mwenyewe kafungwa kitambaa usoni kama anayekwenda kuchinjwa. Ana mizani ya mnunuzi, ana panga. Imekuja imelazwa kwenye nguo nyekundu, na nguo nyekundu tunajua ni ya nani. Ukawawekea watoto wetu machoni, macho yao yakawa kama ya wifi yako. Sasa ungekuwa mimi, ungefikiri nini?"

Nikajaribu kuwa yeye kidogo. Nikaogopa.

Hakulitaja neno, lakini lilikuwa limekaa kati yetu kama mgeni wa tatu: ndagu. Kwa asiyejua, ndagu ni dawa ya utajiri. Mganga anakupa mali, nawe unamtolea mtu wa kafara. Machimboni kila mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, lililotoa dhahabu kuliko mengine husemwa ana ndagu, na kila anayefiwa husemwa katolewa. Mimi mwenyewe nimewasema wengi. Nimewasema kwa ufasaha mkubwa.

"Ni sarafu ya haki za binadamu," nikasema.

"Haki ya binadamu gani inashika panga?"

"Ni upanga wa kizungu."

"Haukati?"

Nikafukuza inzi asiyekuwepo.

"Wewe hatukusemi," akaendelea. "Wewe tunakujua. Una maneno mengi, mchawi hana nafasi ya kuongea hivyo. Tunamsema yeye. Jumamosi kikundi kinakaa. Wanataka aondoke." Akainamisha kichwa, na sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, ikashuka. "Mayu, wakisema wanawake, ni maneno tu. Lakini na vijana wameanza kusema."

Kule kijijini pia vijana ndio walioanza kusema.

Wifi alikuwa nyuma ya pazia, kasikia yote. Mwenyekiti alipoondoka nilimkuta anakunja vitenge vyake anavipanga kwenye mfuko, polepole, kama mtu anayekunja nguo za mtoto wa mwenzake.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mpwa wangu, machimboni."

"Mpwa wako analala kwenye turubai."

"Basi na mimi nitalala kwenye turubai."

"Wifi, huko ndiko waliko waliokuchomekea panga."

"Na hapa panga liko wapi?" akasema. "Liko kwenye kabati lako."

Alisema bila hasira. Afadhali angekasirika, hasira yake nimeizoea. Akaendelea kukunja.

Nikampigia simu mjukuu. Akasema mambo mengi ya maana: niende kwa mwenyekiti wa mtaa, niende polisi dawati la wanawake, na yeye atakuja na wenzake kutoa semina kwa jamii, mwezi ujao. Nikamwambia mwezi ujao wifi yangu atakuwa ama chini ya turubai ama chini ya udongo. Akasema, "Basi bibi, waelimishe wewe mwenyewe. Waeleze yule mama ni nani. Ila sarafu usiifanyie chochote. Thamani yake siyo dhahabu, ni ule mchoro."

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaahidi kufika Jumamosi kama hatapata msiba. Nikaenda kioskini kuelimisha. Nilisimama juu ya kreti la soda nisikike.

"Huyu mama," nikasema, nikiwa nimeinua sarafu, "amefungwa macho ili asione nani tajiri nani maskini."

"Asipoona," akauliza mwanamke mwenye ndoo ya bluu, "hilo panga atamkata nani?"

"Yeyote," akajibu mwenzake.

Wakaondoka na ndoo zisizojaa. Kreti nalo likapasuka, nikateremka duniani kwa makalio. Elimu kwa jamii ikaishia hapo.

Nilikaa na ile sarafu kitandani mchana mzima nikiigeuzageuza. Sitaki nidanganye hapa kwamba nilimfikiria wifi tu. Nilijifikiria mimi. Nilifikiri: nikifa, watoto wataonyesha nini? Nyumba ya bati yenye kutu? Hiki ndicho kitu pekee chenye sura kilichowahi kusema kwamba na mimi nilikuwepo na nilifanya jambo. Nilimtazama yule mama aliyefungwa macho, nikamwambia, "Wenzako wote umewatetea, sasa jitetee mwenyewe." Hakujitetea. Chumba cha pili nikamsikia wifi anaufunga mfuko kwa kamba.

Nikavaa kandambili nikaenda mjini kwa sonara. Tunajuana tangu Geita, alikuwa akichomea watu dhahabu, nikawa namlisha wali kwa mkopo. Nikamwonyesha. Aliigeuza chini ya taa yake kwa muda mrefu.

"Bibi, hii ni kazi ya mkono wa mtu," akasema. "Nikiiyeyusha inabaki dhahabu tu."

"Dhahabu tu ndiyo ninayoitaka."

"Una hakika?"

"Sina. Njoo Jumamosi kabla sijabadilika."

Jumamosi baada ya adhuhuri kikundi kikakaa uani kwangu, maana nilikataa kwenda kuhukumiwa kwa watu. Wanawake walikaa kwenye mikeka upande wa mbali, migongo kwenye ukuta. Wengine walikuwa na macho mekundu wenyewe kwa kuambukizwa na watoto wao, na walikuwa wakitazamana kwa wasiwasi. Mwenyekiti wa mtaa alipata msiba. Wifi alikuwa mlangoni, kakaa juu ya mfuko wake. Na sonara alikuwa katikati na mtungi wake wa gesi, kibakuli chake cha udongo na koleo.

Nikasema, "Mmesema dhahabu mnaijua. Haya. Kule machimboni tulikuwa tunaambianaje? Mali ya ndagu ukiitia motoni?"

Mama mmoja mzee akajibu kwa chini, "Inageuka jivu. Au inalia."

"Basi leo naichoma hapa mbele yenu. Ikigeuka jivu, wifi ataondoka, nami nitamsindikiza."

"Na ikilia?" akauliza mwenyekiti.

"Ikilia mtoke mbio. Mimi na magoti haya siwezi."

Sonara akaiweka sarafu kwenye kibakuli, akanyunyiza unga wake mweupe wa kusafishia, akawasha. Moto wa bluu ukanguruma. Nilikuwa nimejiambia sitatazama, nikatazama. Kwanza iliiva ikawa nyekundu, na yule mama akawa mwekundu wote, na kitambaa chake na mizani yake. Kisha maandishi ya pembeni yakalegea. Kisha mizani. Panga ndilo lililokawia. Halafu kwa mara moja vyote vikaanguka ndani kama uso wa mtu anayetaka kulia, na hapakuwa na mtu tena, ila dimbwi dogo linalotetemeka.

Nilitokwa na machozi. Mmoja akasema ni moshi. Gesi haina moshi, lakini nilimshukuru.

Sasa wanawake wa huku hawawezi kuona dhahabu inachomwa wakakaa mbali. Nilipofuta macho, mikeka ilikuwa mitupu, wote wamemzunguka sonara.

"Ongeza upande huu, bado kuna ukoko!"

"Wewe mwache, utamfanya aimwage."

"Mume wangu alikuwa anatikisa kidogo."

"Ndiyo maana mumeo hajawahi kupata kitu."

Sonara akawaambia kama wanajua sana washike wao koleo. Kisha akaimimina, akakidumbukiza kile kitonge kwenye kopo la maji, nacho kikapiga kelele, tsssss!

"Imelia!" akapiga yowe mmoja, na nusu ya kikundi ikawa barabarani.

"Ni maji, wajinga nyie!" mwenyekiti akafoka. "Hata kikaango kinalia ukikitia maji! Rudini!"

Wakarudi wakijipangusa vumbi, wakijifanya walikuwa wamekwenda kuangalia mbuzi. Mwenyekiti akakitoa kitonge kwa mkono wake mwenyewe. Kilikuwa kama jino la gego. Akakipima kiganjani, akakisugua kwenye kitenge, akakinusa. Sijui alinusa nini.

"Dhahabu," akasema. "Tena safi. Haina mtu."

Kikaanza kwenda mkono hadi mkono, na nilipowaona na macho yao yale wanakipokezana, nikamkumbuka yule muuguzi. Ningeweza kunyamaza. Ushindi nilikuwa nao tayari. Lakini macho ya watoto yalikuwa bado hayana maelezo, na maelezo yakikosekana yangerudi tu kwa yule aliyekaa juu ya mfuko.

"Ngojeni," nikasema. "Naweni kwanza." Nikaleta beseni na sabuni. "Muuguzi wa zahanati alisema ugonjwa huu unapita mikononi. Akaniuliza kama kuna kitu watoto wanapokezana. Nikasema sijui. Nilijua. Ni mimi niliyekuwa naitoa kwenye kope la mtoto huyu naiweka kwenye kope la huyu. Wifi hakuigusa hata siku moja tangu tushuke kwenye bajaji. Ni mimi na maringo yangu."

Mwenyekiti akanitazama juu mpaka chini.

"Kumbe mchawi ni wewe," akasema.

Na akaanza kucheka. Alicheka mpaka tumbo likamtoka kwenye khanga, wenzake nao wakamfuata, kila mmoja na lake. Mmoja akasema nimewaloga kwa haki za binadamu. Mwingine akasema ugonjwa wangu umemlaza hata mume wake, macho yamevimba, na utulivu huo nyumbani ndio raha pekee aliyoipata yeye mke mwaka huu. Nilitukanwa siku ile kuliko nilivyowahi kuwatukana mimi, na nilitulia kama mtoto anayenyolewa.

"Na wewe," mwenyekiti akamgeukia wifi, "huo mfuko unakwenda nao wapi?"

"Nimeambiwa nihame."

"Na nani?"

"Na wewe."

"Mimi nilitumwa," akasema mwenyekiti. "Rudisha ndani, unaziba njia. Na utupikie chai, maana huyu mwenzio simwamini tena na vikombe."

Wifi hakuinuka mara moja. Alikaa akimtazama kwa yale macho yake mekundu, na mwenyekiti hakuyakwepa. Kisha wifi akainuka, na mfuko nikaubeba mimi.

Walikunywa chai yake. Wote. Nilihesabu vikombe kwa macho.

Mjukuu alipopata habari alipiga simu, akauliza mara tatu kama na mchoro umeyeyuka. Halafu akaniambia kwamba wale wazungu watakuja kupiga picha za kitabu chao, na kwamba kila aliyepewa anapigwa akiwa ameishika sarafu yake. Nikamwambia waje tu.

Wakaja, na mashine zao za picha na mkalimani. Nikafungua leso nikawaonyesha gego langu. Mkalimani alieleza kwa muda mrefu. Bibi wa kizungu aliyenipa pale ukumbini alikiweka kiganjani, akakigeuza kutafuta maandishi. Mwishowe akauliza kama basi angalau wanaweza kumpiga picha yule niliyemwokoa.

Hakuwepo. Binti wa mwenyekiti alikuwa amejifungua alfajiri, na wifi yangu ndiye aliyeitwa kumkanda mzazi kwa maji ya moto na kumpokea mtoto mikononi kila anapoogeshwa. Nikampigia simu aje, kuna wageni kutoka ng'ambo.

"Waambie wangoje, maji yamechemka," akasema, akakata. Nyuma yake nilikisikia kichanga kinalia na mwenyekiti anapiga kelele mtu afunge mlango, upepo unaingia.

Walingoja. Wakala karanga zangu zote, jua likasogea, wakatazama saa zao. Hakuja. Ikabidi wanipige mimi peke yangu, na hiyo ndiyo picha iliyoko kwenye kitabu chao mpaka leo: mdomo wazi, kidole juu, nimenuna. Chini yake wameandika kwamba nazungumzia haki za binadamu. Mjukuu kanisomea. Nilikuwa nikimwambia mkalimani kwamba hata mimi najua kukanda wazazi, nimekanda wengi sana machimboni, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kuniita.